Macho yaliyogeuka juu: kisa cha kijana mmoja wa Kisumu na picha ya ubongo wake

Kisa hiki kilipitia kliniki ya afya ya akili katika kaunti ya Kisumu. Jina, kijiji, chuo na miezi vimeondolewa au kubadilishwa, na familia imeridhia kisimuliwe. Nakiandika kwa wauguzi na maafisa wa kliniki wanaokutana na skizofrenia, ugonjwa wa akili unaoweza kuleta sauti zisizokuwapo na imani zisizo za kweli, mbali na wataalamu, na kwa familia zinazouza mifugo ili zipate picha ya kichwa. Katika kisa hiki macho yalionyesha mambo mawili tofauti kabisa: moja la ugonjwa, moja la dawa. La dawa lilipoeleweka vibaya, kijana alikosa matibabu kwa muda mrefu bila sababu.

Historia yake

Kijana ana miaka 22. Amezaliwa upande wa mashamba ya mpunga ya Ahero, na anasomea ufundi wa umeme katika chuo cha ufundi. Baba alishafariki, mama anauza mchele rejareja. Utotoni hakuwa na kifafa wala hakupata kuumia kichwani. Malaria aliugua kama watoto wote wa huku, lakini haikuwahi kumpanda kichwani. Bangi alivuta mara chache na wenzake, pombe hanywi. Kuna mjomba wa mama aliyeishia kutembea barabarani miaka mingi hadi alipofariki, na hakuna aliyewahi kumpeleka popote wala kuuita ule ugonjwa jina.

Mabadiliko yalianza polepole, karibu mwaka mzima kabla ya kuletwa hospitalini. Aliacha mpira, kisha akaacha kula na wenzake, kisha akaacha kuoga. Dada yake anayemfuata ndiye aliyegundua kwamba si uvivu. Alimkuta usiku akiziba matundu ya soketi zote za nyumba kwa gundi na karatasi za daftari. Alipomuuliza, akamwambia kwamba wanaume wawili wanazungumza humo ndani, tena hawazungumzi naye, wanamzungumzia yeye: "Sasa anafunga kamba za viatu. Sasa anatoka nje." Sauti za namna hii, zinazomsimulia mtu matendo yake mwenyewe, ni dalili ambayo kila mhudumu wa afya anapaswa kuiulizia kwa upole na kwa maneno ya kawaida. Mgonjwa hataisema bila kuulizwa, kwa sababu anajua itakavyosikika.

Yaliyotokea kwa mfuatano

Dispensari ya kwanza ilimpima malaria na kumpa vidonge. Ikafuata kesha ya maombi. Kisha usiku mmoja alitoka bila viatu akaelekea barabara kuu, na binamu zake wakamkuta akitembea katikati ya lami akijibizana na mtu asiyeonekana. Walimleta kituo cha afya kwa boda boda, amebanwa katikati yao, mikono imefungwa kwa leso.

Kituoni alidungwa sindano ya haloperidoli, dawa ya kutuliza dalili za wazimu, akalala, na kesho yake akaruhusiwa kwenda nyumbani na vidonge vya dawa hiyohiyo. Hakupewa benzeksoli, dawa ya kufungua misuli inayokazwa na haloperidoli, ambayo wengi wanaijua kwa jina la Artane, kwa sababu ilikuwa imekwisha stoo. Hakuna aliyeiambia familia kwamba dawa inaweza kushika misuli, na hilo ndilo kosa lililozaa mengine yote.

Siku ya tatu, jioni, shingo ilianza kuvutwa upande wa kulia. Kisha macho yakapanda juu yakabaki huko. Mama alituelezea hivi: "Daktari, macho yaliangalia dari. Nilimwita, akanisikia. Alinijibu meno yakiwa yamebana. Lakini kuyashusha hakuweza, na machozi yalikuwa yanamtoka."

Maelezo hayo ya mama yalikuwa na kila kitu ambacho daktari angehitaji. Kijana alikuwa na fahamu zake zote, alisikia, alijibu, alilia. Hicho si kifafa. Ni mkazo wa misuli ya macho unaoletwa na dawa za kundi la haloperidoli. Huwapata zaidi wanaume vijana, mara nyingi katika siku chache za kwanza za dawa au baada ya dozi kupandishwa. Lakini nyumbani hapakuwa na daktari. Majirani walijaa, bibi mmoja akasema hizo ni juogi, roho zimemkalia, na watu wa maombi wakaitwa tena. Baada ya takriban saa tatu macho yakashuka yenyewe, kama ambavyo mikazo hii hufanya mara nyingi hata isipotibiwa. Wote waliokuwapo waliona maombi yakifaulu na dawa ikiaibika. Vidonge vilitupwa chooni.

Siwalaumu. Walichokiona kwa macho yao kililingana kabisa na walichokiamini, na upande wetu hatukuwa tumewapa maelezo mengine ya kushindana nacho.

Sauti zilirudi baada ya wiki chache, kali kuliko mwanzo. Hapo mjomba anayefanya kazi Nakuru akashauri wapige picha ya kichwa ili ijulikane moja. Mtamba mmoja aliuzwa, harambee ikapitishwa kwenye WhatsApp ya ukoo, na kijana akapigwa picha ya CT, ya mionzi inayoonyesha ndani ya kichwa, mjini. Aliyewakabidhi bahasha aliwaambia kwa neno moja kwamba "ubongo umesinyaa". Mama alielewa kwamba ubongo wa mwanawe unaoza. Alipofika kwetu, swali lake la kwanza halikuwa kuhusu sauti. Alitaka kujua kama kuna haja ya kuendelea kumlipia karo.

Picha ilivyosema

Mama aliitoa filamu kwenye bahasha ya kaki akaiinua dirishani ili mwanga uipitie, kama mtu aliyefanya hivyo mara nyingi nyumbani. Ripoti ilisema vyumba vya maji vya pembeni, yaani ventrikali, ni vipana kidogo kwa umri wake, na mikunjo ya juu sehemu ya mbele imeachana kidogo. Uvimbe hakuna, damu hakuna, madoa ya chokaa hakuna, na vifuko vya minyoo ya tegu hakuna.

Kwa kliniki ya magharibi mwa Kenya, maneno ya mwisho ndiyo yenye uzito. Huku nguruwe wanafugwa kwa kuachiliwa, na mayai ya tegu ya nguruwe yakiingia kwa binadamu huweza kuota vifuko ndani ya ubongo. Vifuko hivyo huleta kifafa, na mara nyingine huleta hali inayofanana na wazimu. Picha ilipoviondoa kwenye orodha, ilifanya kazi yake. Mtamba hakuuzwa bure, ila familia ilikuwa imeambiwa jibu la swali ambalo CT haiwezi kulijibu.

Tulivyompima macho

Kwanza tulimsikiliza yeye mwenyewe, bila mama, kisha pamoja na mama na dada. Tukapima sukari, virusi vya ukimwi, kaswende na malaria; vyote vilikuwa sawa. Halafu tukafika kwenye macho, na hapa nitakaa kidogo, maana kipimo hiki hakihitaji mashine. Kinahitaji kalamu, kidole na subira.

Alikaa kitini, kichwa kimetulia. Kwanza tulitazama kama macho yanafika pande zote: kulia, kushoto, juu, na hasa chini. Mtu mwenye dalili za wazimu ambaye hawezi kushusha macho kwa haraka huenda ana ugonjwa mwingine wa ubongo, na huyo anapaswa kupelekwa kwa mtaalamu wa mishipa ya fahamu. Kijana alifika pande zote. Macho hayakuwa yakichezacheza yenyewe, mboni zilikuwa sawa na zilinywea kwa tochi. Tulimulika ukingo wa kioo cha jicho kutafuta duara la rangi ya kahawia ya shaba, linaloonekana kwenye ugonjwa wa Wilson ambapo madini ya shaba hujilundika mwilini. Halikuwepo.

Kisha tukamwomba afuate ncha ya kalamu iliyokuwa ikisogezwa polepole kutoka upande hadi upande. Jicho lenye afya hufuata kitu kinachotembea kwa mteremko laini. La kwake lilibaki nyuma, likaruka kukifikia kitu, likabaki nyuma tena, likaruka, kama mtu anayevuka mto kwa kurukia mawe. Alikuwa anajitahidi, alikunja uso kwa bidii. Tulirudia baada ya kupumzika, hali ikawa ileile.

Mwisho tulimpa kazi ngumu zaidi. Tulinyoosha kidole kimoja kila upande, tukamwambia: "Kidole cha kulia kikitikisika, wewe tazama cha kushoto. Cha kushoto kikitikisika, tazama cha kulia." Kidole kilipotikisika, macho yake yalikikimbilia kilekile. Mara hiyohiyo akasema, "Nimekosea," akayarudisha upande sahihi. Na safari iliyofuata akafanya hivyohivyo tena. Aliyaelewa maelekezo kabisa. Kilichokosekana ni breki ya kulizuia jicho lisikimbilie kinachotikisika.

Dada yake, aliyekuwa akitazama haya yote, akaomba naye apimwe. Macho yake nayo yaliruka kidogo yalipofuata kalamu, ingawa jaribio la vidole alilifanya vizuri. Akanyamaza kidogo kisha akauliza, "Kwa hiyo na mimi?"

Maamuzi na sababu zake

Tulifikia kwamba ni skizofrenia kwa kutegemea historia: sauti za kumsimulia, imani ya soketi, kudorora kwa karibu mwaka mzima, na kutokuwepo kwa sababu nyingine ya kimwili. Picha ya CT haikuwa msingi wa uamuzi huo, na kalamu haikuwa msingi pia. Nalisema hili waziwazi kwa sababu nimeshaona mafaili yenye maneno "skani imethibitisha skizofrenia". Hakuna skani inayofanya hivyo.

Dawa tulibadilisha. Haloperidoli ni dawa nzuri na ya bei nafuu, na ndiyo inayopatikana zaidi vituoni, lakini kwa familia hii ilikuwa imeshapoteza imani. Tulianza risperidoni, miligramu 1 usiku, tukaipandisha taratibu hadi 4, kwa kuwa kwa dozi ya chini haishiki misuli mara nyingi kama haloperidoli. Haiwezi kusemwa kwamba haishiki kamwe. Kwa hiyo kabla ya kumpa kidonge cha kwanza tuliwaketisha mama, dada na binamu mmoja, tukawaeleza: macho yakipanda juu, shingo ikipinda, ulimi au taya likibana, hiyo ni dawa. Mpelekeni kituo cha karibu mara moja na pakiti ya dawa mkononi, saa yoyote. Akipumua kwa taabu au kwa sauti ya kukwaruza kooni, msisubiri hata dakika. Kituoni, benzeksoli huwa ni ya vidonge, lakini prometazini ya kudunga ipo karibu kila mahali na hufungua mkazo ndani ya muda mfupi.

Tuliwaeleza pia kwa nini hutokea, maana mama alitaka kujua. Dawa hizi huzuia kemikali ya ubongo inayoitwa dopamini. Uzuiaji huo ndio unaotuliza sauti. Lakini dopamini hiyohiyo ndani kabisa ya ubongo husaidia kupanga mwendo wa misuli. Ikizuiwa ghafla, kemikali nyingine inayoshindana nayo huzidi nguvu, na misuli hukaza. Benzeksoli na prometazini huipunguza hiyo ya pili. Mama alisikiliza, kisha akasema, "Basi siku ile dawa ilikuwa inafanya kazi, ila ilipita kipimo." Hakuna kitabu kilichowahi kunielezea vizuri kuliko hivyo.

Kuhusu maombi, hatukumwambia aache. Tulimwomba tu kwamba siku ya kesha kidonge kimezwe kabla ya kutoka nyumbani.

Matokeo

Baada ya wiki kadhaa sauti zilipungua hadi zikawa minong'ono ya jioni. Hazijaisha zote. Alirudi kuoga, kisha kula mezani na wenzake. Chuo alisimama muhula mmoja, na sasa anamsaidia fundi mmoja kutandaza nyaya kwenye nyumba mpya. Macho hayajawahi kugeuka tena. Kuna mwezi mmoja risperidoni ilikosekana kwenye duka la dawa la hospitali, na mama akainunua nje kwa bei iliyomuumiza.

Tulimpima tena kwa kalamu alipokuwa amepata nafuu kubwa. Macho bado yaliruka, karibu sawa na mwanzo. CT haikurudiwa, na haitarudiwa pasipo sababu mpya.

Uchambuzi

Macho ya kurukaruka si jambo jipya. Mwaka 1908 Allen Diefendorf na Raymond Dodge, huko Marekani, walipiga picha mwendo wa macho ya wagonjwa wa ugonjwa huu wakakuta kwamba hawafuati vizuri kitu kinachotembea. Hilo likasahaulika hadi 1973, Philip Holzman na wenzake walipolifufua. Tarehe hizi zina faida kwenye kliniki. Dawa za kwanza za ugonjwa huu zilianza kutumika mwaka 1952. Kwa hiyo mtu akisema macho ya kurukaruka yanaletwa na dawa peke yake, jibu ni kwamba yalionekana miaka zaidi ya 40 kabla ya dawa hizo kuwapo. Yale ya kugeuka juu na kukwama ndiyo ya dawa. Kwa kijana wetu, haya mawili yalikuwa kwenye uso mmoja, na nyumbani lile la dawa likapewa maana ya tatu.

Kwa nini ubongo unashindwa kazi inayoonekana ndogo kama kufuata kalamu? Kwa sababu si ndogo. Picha ya kalamu hupokelewa nyuma ya kichwa, ikapelekwa kwenye eneo linalotambua mwendo, ikaenda mbele kwenye eneo linaloongoza macho, ikateremka hadi shina la ubongo na ubongo mdogo wa nyuma, kisha ikafika kwenye misuli sita ya kila jicho. Ubongo lazima ubashiri kalamu itakuwa wapi kabla haijafika. Na kazi ya vidole inaongeza mzigo kwa sehemu ya mbele kabisa, nyuma ya paji la uso, ambayo ndiyo yenye breki. Sehemu hiyohiyo humsaidia mtu kupanga siku na kushika wazo moja bila kuporonyoka. Ndiyo maana kipimo cha vidole kilitusaidia kumwelewa kijana hata pale kisipotusaidia kuupa ugonjwa jina. Mama alipolalamika kwamba mwanawe anaanza kazi tatu bila kumaliza moja, tulikuwa na cha kumwonyesha.

Lakini kipimo cha kalamu ni dhaifu kikisimama peke yake. Usingizi, uchovu, uzee, pombe, dawa za kifafa na dawa za usingizi, vyote hufanya macho yaruke. Na mtu mwenye afya hukosea jaribio la vidole mara moja moja.

Picha ya ubongo ina hadithi ya aina hiyo pia. Mwaka 1976, Uingereza, Eve Johnstone, Timothy Crow na wenzao walitumia CT wakaonyesha kwamba ventrikali za wagonjwa wa muda mrefu ni pana kuliko za watu wenye afya. Tangu hapo limethibitishwa mara nyingi. Mwaka 2016 ushirikiano wa watafiti wa nchi nyingi uitwao ENIGMA ulilinganisha picha za MRI, zinazopigwa kwa sumaku, za wagonjwa zaidi ya 2,000 na watu wenye afya zaidi ya 2,500. Kwa wastani wagonjwa walikuwa na hipokampasi ndogo zaidi, na amigdala na thalamasi ndogo pia, zote zikiwa sehemu za ndani za ubongo, huku ventrikali zikiwa kubwa. Neno la kushika hapo ni *wastani*. Tofauti ni ndogo na makundi yanaingiliana sana. Changanya picha za wagonjwa na za wazima mezani, na hata daktari bingwa wa picha hataweza kuzitenganisha.

Utafiti unaolieleza hili vizuri kuliko mwingine ulichapishwa mwaka 1990 na Suddath na wenzake. Walichukua jozi 15 za mapacha wanaofanana kabisa, mmoja mgonjwa na mwenzake mzima, wakapiga picha za ubongo za wote. Katika jozi 12 iliwezekana kumtambua mgonjwa kwa kutazama tu nafasi za maji. Iliwezekana kwa sababu pacha mzima alikuwepo wa kulinganishwa naye. Kijana wetu hana pacha. Ventrikali zake "pana kidogo" zinaweza kuwa za ugonjwa, na zinaweza kuwa tu zake tangu kuzaliwa. Kwa hiyo kumwambia mama "ubongo umesinyaa" ilikuwa ni kusema zaidi ya kile picha ilichosema, na neno hilo lilikaribia kumkatisha kijana masomo. Ripoti ya picha isomwe na aliyemchunguza mgonjwa, tena mgonjwa akiwa amekaa hapohapo.

Kwa dada, jibu lilihitaji uangalifu. Tangu 1974 imejulikana kwamba macho ya kurukaruka huonekana pia kwa ndugu wengi wa wagonjwa, watu wanaoishi na kufanya kazi bila tatizo lolote. Inaonekana yanafuata ukoo kwa urahisi kuliko ugonjwa wenyewe. Ndugu wa tumbo moja na mgonjwa ana uwezekano wa karibu 9 katika 100 wa kuugua. Walio wengi hawataugua. Tulimwambia hivyo, tukamwomba aepuke bangi, na tukamweleza dalili zinazohitaji aje mapema. Ingekuwa vyema tusingempima kabisa kabla ya kumweleza maana ya kipimo, na sasa timu imekubaliana kwamba ndugu hapimwi kwa udadisi.

Kilichofaulu ni kuielezea familia dalili za dawa kabla ya dawa kumezwa. Hilo halikugharimu chochote. Kilichoshindwa ni kituo cha kwanza kumruhusu kijana wa umri huo aende na haloperidoli bila benzeksoli na bila neno. Pale stoo inapokuwa tupu, onyo la mdomo halina stoo. Sasa kadi zetu za kutoka wodini zina mstari ulioandikwa kwa Kiswahili na kwa Kijaluo: macho yakikwama juu, ni dawa, njoo na pakiti.

Swali lililobaki ni la kijana mwenyewe. Aliuliza kama macho yake yanamzuia kupanda nguzo za umeme. Tulimjibu kwamba kurukaruka huko hakumzuii, lakini usingizi wa dawa unaweza kumzuia. Kwa hiyo dawa ameze mapema jioni, na kwa sasa abaki na nyaya za ndani ya nyumba, ngazi fupi, na fundi akiwa karibu. Nguzo tutazizungumzia kliniki ya miezi sita ijayo.